Dokta, ili niache fegi inabidi niwakimbie washkaji wa kijiweni?

Swali la msomaji:

"Dokta shikamoo. Mimi ni fundi gereji hapa Tabata, nina miaka 34, navuta fegi kama 15 kwa siku toka nikiwa na miaka 22. Nishaacha mara tatu. Ya kwanza siku nne, ya pili wiki mbili, ya tatu nilikaribia miezi miwili. Zote zimefia kijiweni, jioni tukikaa kwenye kahawa masela wanawasha, kuna mmoja kila siku ananiambia we unajisumbua utarudi tu, basi nashika moja, kesho yake niko palepale. Wife ana mimba ya miezi mitano na harufu yangu inamtapisha. Kuna mshkaji mmoja tulianza naye kuvuta, anasema yuko tayari kunisapoti ila hajui afanye nini, na mi mwenyewe sijui nimwambie afanye nini. Je niwakimbie hawa jamaa? Nipunguze taratibu au nikate moja kwa moja? Na kuna dawa?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa mtoto anayekuja, na hongera pia kwa zile mara tatu, nasema kwa dhati, maana wewe unazihesabu kama kushindwa mimi nikizisoma naona umeniletea vipimo vitatu ambavyo wagonjwa wengi hawaniletei. Watu wengi walioacha sigara leo waliacha baada ya kujaribu mara kadhaa, kwa hiyo hauko nyuma ya mtu yeyote.

Hebu tuziangalie moja moja. Mara ya kwanza uliishia siku ya nne, hapo alokushinda ni mwili. Nikotini ukivuta inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hivi, inafungulia dopamini, ile kemikali ya raha ya ubongoni, unajisikia umetulia, alafu inaanza kutoka, kila baada ya masaa mawili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu, ndo maana mtu wa fegi 15 anaishi kwa kujaza tena na tena kama pancha inayovuja. Ukikata, arosto inaanza siku hiyohiyo na inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu: hasira za bure, kichwa kizito, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, mawazo hayatulii. Ulitoka katikati ya dhoruba yenyewe. Mara ya pili, wiki mbili, ni nusu mwili nusu mazoea. Lakini mara ya tatu, karibu miezi miwili, hapo mwili ulikuwa umeshaachana na nikotini kitambo, arosto ya mwili kwa watu wengi inaisha ndani ya wiki mbili mpaka nne. Kilichokurudisha safari hiyo ni kile kiti, ile saa, kile kikombe na wale watu. Kwa hiyo tatizo lako ni mawili tofauti na kila moja lina dawa yake, ukitumia dawa ya moja kutibu lingine utazunguka mpaka mtoto aanze shule.

Naanza na la mwili kwa sababu ni jepesi.

Umeuliza upunguze au ukate. Kata. Kuna utafiti ulifanyika Uingereza ukatoka mwaka 2016, wavutaji 697 waligawanywa, kundi moja likapunguza kidogo kidogo kwa wiki mbili, lingine likakata siku moja, na wote walipewa nikotini ya dawa na ushauri wa nesi. Baada ya wiki nne waliokata ghafla asilimia 49 walikuwa bado hawajavuta, waliopunguza ni 39, na hata baada ya miezi sita waliokata walikuwa bado mbele. Kupunguza kuna shida moja naiona kila siku kliniki, zile fegi chache zinazobaki zinakuwa tamu kuliko zamani, mtu anaisubiri ile ya saa kumi jioni kama anasubiri mshahara. Sasa hiyo ni kuilea sigara badala ya kuiacha.

Dawa zipo. Kuna plasta ya nikotini unabandika kwenye ngozi asubuhi, na kuna bigijii ya nikotini. Hizi zinakupa nikotini peke yake bila moshi, bila lami, bila ile hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, yaani mwili unapewa kidogo ili usipige kelele wakati wewe unashughulika na kijiwe. Ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani toka 2009 kwa hiyo usione ni vitu vya kizungu vya kujifurahisha. Ulizia famasi kubwa za mjini, za mtaani nyingi hawaweki. Kwa mtu anayevuta zaidi ya 10 kwa siku kama wewe plasta inaanzia miligramu 21 kisha inashuka 14 kisha 7. Bigijii zipo za 2 na za 4, kama unawasha ya kwanza kabla nusu saa haijapita toka uamke chukua za 4. Na tafadhali usiitafune kama bigijii ya dukani, watu wanaitafuna haraka wanapata kwikwi na kiungulia alafu wanasema dawa mbovu. Tafuna taratibu mpaka uhisi inawasha mdomoni, ifiche kati ya shavu na fizi, ikipoa tafuna tena, hivohivo kama nusu saa. Na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake, zinafanya nikotini isiingie vizuri. Kuna vidonge pia, vareniklini na bupropioni, hivyo ni mpaka daktari akuone, na bupropioni mtu mwenye historia ya kifafa hapewi. Kama una presha au tatizo la moyo mwambie mfamasia au daktari kabla ya chochote.

Sasa kahawa, na hapa nakuomba usome vizuri kwa sababu karibu hakuna mtu anawaambia. Moshi wa sigara unafanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, kwa hiyo vikombe vilevile vitatu vya kijiweni vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kiwango kinaweza kufika hata mara mbili ya ulichozoea. Mtu anatetemeka, moyo unaenda mbio, usiku halali, anajisemea hii arosto itaniua, anawasha fegi ili atulie, kumbe ni kahawa! Kata vikombe vyako nusu kuanzia siku ya kwanza. Au hamia kwenye chai ya tangawizi kwa hizo wiki.

Na usishtuke ukikohoa zaidi wiki za mwanzo, vile vinyweleo vya ndani ya njia ya hewa vilivyokuwa vimelala vinaamka vinaanza kufagia. Vidonda vidogo vya mdomo, choo kigumu, kuongezeka kilo nne tano ndani ya mwaka, vyote vinatokea, maji, matunda na kutembea vinasaidia. Ukiona huzuni imekuwa nzito mno, hauli, hutaki kuona watu, hiyo usivumilie njoo hospitali.

Haya tuje kijiweni, ndo moyo wa swali lako.

Kuwakimbia jumla jumla sikushauri. Hao ni watu waliokuzikia baba yako labda, waliokuchangia harusi, gereji ikikosa wateja ndo wanaokuletea gari. Ukiwakata wote unabaki na arosto na upweke kwa pamoja na upweke wenyewe unavutisha sigara. Ila wiki tatu za kwanza usikanyage pale jioni. Wiki tatu tu, na waage kabla. Usipoaga watasema unaringa, unajiona umeokoka, wataanza kukufuata kwa maneno. Waambie wazi jamani mimi naacha fegi, mtoto anakuja, jioni hamtaniona mpaka tarehe fulani, nikirudi nitakuwa na nyie kama kawaida. Mtu akishatangaza tarehe mbele ya kijiwe kizima hata wale wabishi wanaanza kuhesabu nae.

Na kuna ushahidi wa jambo ambalo wazee wetu walilijua siku zote, kwamba watu hawavuti mmoja mmoja na hawaachi mmoja mmoja. Mji wa Framingham kule Massachusetts, Marekani, wakazi wake wamefuatiliwa toka 1948 kwa ajili ya magonjwa ya moyo, na kumbukumbu zao zilikuwa zinaandika mpaka nani ni rafiki wa nani. Watafiti wawili, Nicholas Christakis na James Fowler, walizichambua za watu 12,067 kuanzia 1971 mpaka 2003 wakatoa matokeo 2008. Mume au mke akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuvuta unashuka kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, wa rafiki yake unashuka kwa 36. Ndugu wa tumbo moja ni 25. Yaani rafiki ana nguvu kumpita ndugu! Na wakaona makundi yanaacha karibu kwa pamoja, kijiwe kizima kinazimika kama taa za mtaa, na wanaobaki wanavuta wanajikuta pembeni ya wenzao. Mimi nikisoma hilo nawaza kijiwe chako, nawaza yule mshkaji mlieanza naye. Mlianza pamoja. Usimwombe sapoti tu, mwombe muache pamoja, tarehe moja, asubuhi moja. Akikubali umepata kitu ambacho hakuna famasi inauza.

Akisema yeye bado hayuko tayari, usimlazimishe, mpe kazi. Hapa ndo watu wengi wanakosea. Rafiki anakwambia "komaa bro, utaweza", ni maneno mazuri na yanatoka moyoni, lakini saa mbili usiku ukiwa unatafuta kipisi kwenye kisahani cha majivu "komaa" haina mikono. Sapoti inatakiwa iwe na saa na kazi.

Kazi ya kwanza ni simu. Ile hamu kali ya kuvuta ikija haikai muda mrefu, ni dakika chache, kwa wengi tatu mpaka tano, kisha inashuka yenyewe uvute usivute. Watu hawaamini hili kwa sababu hawajawahi kuisubiri ishuke, siku zote wamekuwa wakiikatiza na fegi. Kwa hiyo mkubaliane, ukimpigia au ukimbipu ujue anakurudia hapohapo, na akikurudia asikupe mawaidha wala asikuulize unajisikiaje, akupigishe stori za Simba na Yanga, za ile gari iliyowashinda, chochote, dakika tano. Mkimaliza hamu imeshapita. Nina mgonjwa wangu mmoja dereva wa lori, rafiki yake utingo wa zamani alikuwa anampigia kila saa mbili usiku, kila siku, kwa wiki sita, maana saa mbili ndo alikuwa anapaki na kuwasha. Alikuja kliniki akaniambia dokta plasta ilinisaidia mchana ila usiku alinisaidia yule bwana. Naamini kabisa.

Kazi ya pili ni hela. Fegi 15 kwa siku ni 450 kwa mwezi. Mpaka mkeo ajifungue ni kama siku 120, hizo ni fegi 1,800, zidisha mwenyewe na bei unayonunua kwa Mangi moja moja uone ni ngapi. Kila jioni mtumie mshkaji wako hela ya fegi za siku hiyo, akae nayo kama mtunza hazina wa upatu, na mkubaliane ukivuta haurudishiwi, inaenda msikitini au kanisani au kwa mtoto yatima wa mtaani kwenu, ukifika salama inanunua vitu vya mtoto. Sijaitoa kichwani tu, Ufilipino waliwahi kuwapa wavutaji nafasi ya kuweka hela zao benki kwa miezi sita, wakipimwa mkojo na kukutwa na nikotini wanazipoteza, na kundi lililopewa nafasi hiyo liliacha zaidi kuliko lisilopewa, hata walipopimwa tena kwa kushtukizwa mwaka umeisha. Hela yako ikiwa mikononi mwa mtu unayemheshimu inakuwa na uzito mwingine.

Kazi ya tatu ni ya siku utakayorudi kijiweni. Mshkaji awepo siku hiyo, ukae upande wake, usirudi kwenye kiti chako cha zamani. Kaa kwenye drafti au bao mikono iwe na kazi, shika kikombe cha chai na karanga. Mtu akikunyooshea fegi, yeye ndo ajibu kabla yako: "huyu havuti." Maneno mawili. Wewe ukijibu mwenyewe unaanza kujieleza, na ukianza kujieleza pale kijiweni wamekumaliza, ila mwenzako akijibu mjadala unafungwa. Siku ya kwanza ondoka mapema, nusu saa inatosha. Ya pili saa moja.

Na kuna jambo asilifanye. Asikupekue, asikunuse mdomo, asikusimange. Nimeona wenza na marafiki wenye nia njema kabisa wanageuka kuwa polisi, mtu anaanza kuvuta kwa kujificha alafu anadanganya, na akishadanganya anaona aibu kumpigia simu yule yule anayehitaji kumpigia. Swali moja tu kila jioni linatosha: leo siku ya ngapi?

Sasa yule bwana wa "utarudi tu". Usimchukie. Mara nyingi mtu wa namna hiyo ameshajaribu kuacha kimyakimya akashindwa, na wewe ukifanikiwa unamkumbusha. Mfuate akiwa peke yake, sio mbele za watu, mwambie kaka sikuombi na wewe uache, nakuomba kitu kimoja tu, usinipe. Hata nikikuomba, hata nikigombana na wewe, hata nikikuletea hela mkononi, usinipe. Watu wengi wakiombwa hivyo kwa heshima wanabadilika, kwa sababu umempa cheo, umemfanya mlinzi. Nimeshaona mbishi wa kijiwe akawa ndo mkali kuliko wote.

Ikitokea umeteleza je? Maana inaweza kutokea, msiba, ugomvi nyumbani, mpira umeisha vibaya. Hapa ndo ulipokufa mara zote tatu, unasema mwenyewe "nashika moja, kesho yake niko palepale". Katikati ya ile moja na kesho yake kuna usiku mzima mdogo wangu, na usiku huo hukumpigia mtu. Ni kweli pafu moja ni hatari, usijiambie moja haina neno, wengi wanaoonja wanarudi. Lakini ukishaonja, kinachokurudisha kwenye 15 ni ile sauti ya kichwani kwamba basi nishaharibu wacha niendelee. Kwa hiyo kubaliana na mshkaji kabla, leo, mkiwa na akili zenu timamu, kwamba ukivuta hata pafu unampigia kabla hujalala. Na yeye asicheke na asilaumu, aulize ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, mkishajua mlango uliopitia mnaufunga, hesabu inaendelea kesho asubuhi na plasta inabaki palepale mwilini.

Usiende kwenye shisha kama pa kupumzikia, wala ugoro, wala kuberi, zote tumbaku ileile na nikotini ileile.

Mkeo. Moshi anaouvuta kutoka kwako unaweza kusababisha mtoto azaliwe na uzito mdogo, kwa hiyo hata kabla ya tarehe yako kuanzia leo ndani ya nyumba hakuna kuwasha, na ukitoka gereji badilisha shati kabla hujamkaribia. Mwambie pia kuhusu zile siku za mwanzo za hasira ajue zinakuja na zina mwisho, asidhani umemchoka. Yeye ndo rafiki yako wa kwanza kwenye hili hata kama hajawahi kushika fegi.

Ningekuwa wewe ningechagua Jumapili. Jumamosi usiku toa pakiti zote, laita, visahani vya majivu, pekua mpaka mfuko wa ovaroli na chini ya kiti cha gari maana vipisi vya akiba huwa vinasahaulika huko, fua nguo. Jumapili asubuhi bandika plasta, piga picha, mtumie mshkaji. Siku ya nne, ile iliyokushinda mara ya kwanza, itakuwa Jumatano, siku hiyo kula vizuri, jioni usipite njia ya kijiweni hata kama ndo ya mkato, na saa mbili usiku simu iwe na chaji. Alhamisi asubuhi niandikie uniambie Jumatano ilikwendaje, nitakuwa nasubiri.